Kubwaga moyo si kubwaga manyanga

Majuzi jioni nilipigiwa simu na mwanafunzi wangu wa zamani. Siku hizi ni mshauri nasaha. Huzunguka maofisini na shuleni akiwafunza watu jinsi ya kuishi na presha za kazi bila kuzama ndani yake. Alikuwa akiandika kijitabu cha Kiswahili, kurasa 20 hivi, naye akakwama kwenye sentensi ya kwanza.

"Mwalimu," akasema, "nataka kumwambia msomaji kwamba akitaka moyo utulie na akili ikae mahali pamoja, akubali kwanza kuwa si kila jambo litakwenda atakavyo yeye. Wazungu wana msemo wao wa maneno mawili matatu tu. Sisi tunasemaje?"

"Wewe umeandika nini?"

"Nimeandika: Poteza udhibiti wa maisha yako upate amani."

Nilicheka hadi nikalazimika kuweka kikombe cha chai mezani. Hebu nawe msomaji ifikirie sentensi hiyo. Katika habari tunazosoma kila wiki, anayepoteza udhibiti ni dereva wa matatu, na aya inayofuata hutaja mtaro, majeruhi na hospitali iliyo karibu. Sidhani yupo msomaji wa Kiswahili atakayekubali kupata amani kwa njia hiyo.

Kicheko kilikwisha, swali likabaki. Nililala nalo, nikaamka nalo. Makala haya ni jibu langu, ingawa mwenye swali, kama utakavyoona, hakulichukua lote.

Tuanze na neno lililomponza. Kitenzi dhibiti tulikipata kwa Waarabu, nacho kimestawi zaidi katika lugha ya serikali na usimamizi. Tunadhibiti mipaka, bei, magonjwa, umati wa watu, na ufisadi tunaambiwa kila mwaka kwamba unadhibitiwa. Mwenye kudhibiti husimama nje ya kitu na juu yake. Ukilileta neno hili ndani ya nafsi unamgawa mtu mara mbili: nusu yake askari, nusu yake raia. Kisha unamwamuru askari apoteze silaha. Picha inayomjia msomaji hapo ni fujo, wala si utulivu.

Wapo wanaotumia achilia. Neno hili nalisikia sana kwa wahubiri na wanenaji wa redioni: "Achilia, ndugu yangu, jiachilie!" Mfungwa huachiliwa, na ndama huachiliwa malishoni, hapo sina ugomvi. Lakini kujiachilia ni jambo jingine. Bibi zetu walimwambia hivyo mtu aliyeacha kuoga, kuchana nywele na kufagia uwanja wake. "Tangu afiwe, masikini, amejiachilia." Hiyo ni dalili ya moyo ulioumia. Haiwezi kuwa dawa yake.

Tunao pia msemo liwalo na liwe. Ni mtamu mdomoni, lakini sikiliza unasemwa na nani, na wakati gani. Husemwa na mtu anayekaribia kufanya jambo la hatari, tena aghalabu husemwa kwa meno yaliyokazwa. Aliyekaza meno bado ameshika kitu.

Basi Kiswahili hakina namna ya kulisema jambo hili? Kinayo, tena kongwe. Imejificha katika vitenzi viwili vya mtu aliyebeba mzigo: bwaga na tua.

Kubwaga ni kukiangusha chini kitu kilichokuwa kichwani au begani, mara nyingi kwa kishindo. Mchukuzi hubwaga gunia. Kutokana na picha hiyo moja lugha imezaa familia kubwa. Mwanamieleka humbwaga mwenzake, na kwa sababu siasa zetu ni mieleka, kila baada ya uchaguzi tunasoma nani kambwaga nani. Mwimbaji hubwaga wimbo, yaani huuanzisha ili wengine waupokee. Aliyeshindwa hubwaga manyanga. Manyanga ni ala za kutikisa, watumiazo waganga na wacheza ngoma. Ukiyabwaga, ngoma yako imekwisha na huna tena la kufanya uwanjani.

Kisha kuna kubwaga moyo. Mtu aliyebwaga moyo ameondoa wasiwasi, amejipumzisha, ameacha kuikimbiza dunia kwa muda. Tazama jinsi nahau hii ilivyojengwa. Kitenzi ni kile kile cha kubwaga manyanga, lakini kitu kinachobwagwa ni tofauti kabisa. Anayebwaga manyanga anatupa chombo cha kazi yake. Anayebwaga moyo bado ana chombo mkononi. Alichoweka chini ni ule uzito uliokuwa ukiufanya mkono utetemeke. Makosa mengi katika maandishi yetu ya ushauri yanatoka hapa. Tunataka kumfundisha msomaji kubwaga moyo, na kwa tafsiri mbovu tunamfundisha kubwaga manyanga.

Nahau hii ina historia, na historia yenyewe ina onyo. Katika pwani ya Tanzania, mkabala na Unguja, upo mji wa Bagamoyo, na jina lake huelezwa kuwa ni bwaga moyo. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika kupitia Tabora, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu na bidhaa nyingine, mzigo wa kilo 30 hivi kwa mtu, kwa miezi. Kwa maelezo ya kwanza, mpagazi alipoiona bahari alijiambia kwamba sasa aubwage moyo: safari imefika, mzigo utashushwa, malipo yapo. Kwa maelezo ya pili, jina ni kilio cha mtumwa aliyefikishwa ufukweni na kuambiwa auache moyo wake hapo, maana hatarudi kwao tena.

Watalii na vitabu vya shule hutaka tuchague maelezo moja. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba sarufi inayakubali yote mawili, na kwamba jambo hilo lenyewe ndilo somo. Mpagazi na mtumwa wamesimama kwenye mchanga mmoja, na kitenzi chao ni kimoja. Tofauti ni kwamba mmoja ameweka chini alichokubali kubeba, na mwingine amenyang'anywa.

Nasisitiza hilo kwa sababu mafunzo ya kutulia yamekuwa biashara, na wakati mwingine huuzwa kwa watu wasiostahili kuuziwa. Mfanyakazi ambaye hajalipwa mshahara kwa miezi mitatu akiambiwa na mkubwa wake atulie, abwage moyo, asitake kuendesha kila kitu, hapo hakuna ushauri. Amenyamazishwa. Kiswahili kinatutaka tuulize kila mara: ni nani anayebwaga, na ni mzigo wa nani? Moyo unaobwagwa kwa amri ya mwingine ni ule wa maelezo ya pili.

Sasa tua. Hiki ni kitenzi kipole kuliko bwaga, hakina kishindo. Mzigo hutuliwa taratibu, ndege hutua juu ya tawi, jua hutua magharibi, msafara hutua penye maji. Ukikichunguza kitenzi tulia utamwona tua amekaa ndani yake. Kwa hiyo mtu aliyetulia, kwa asili ya neno, ni mtu aliyeshusha. Utulivu ni hali inayobaki baada ya mzigo kugusa ardhi. Ndiyo maana jitihada ya kuutafuta kwa nguvu huishia kuufukuza: anayeutafuta hivyo ameongeza mzigo mwingine juu ya ile aliyokuwa nayo.

Wazee wetu walilisema jambo hili kwa tashbihi ya kila siku: kutulia kama maji mtungini. Aliyelelewa nyumba ya mtungi anajua maji ya mtoni yalivyokuja yamechafuka. Hakuna aliyejaribu kuyatuliza kwa mkono. Uliyamimina, ukafunika, ukaondoka. Matope yalijua yenyewe njia ya kwenda chini. Lakini mtungi ulikuwa umefinyangwa vizuri, umewekwa penye kivuli na umefunikwa. Kulikuwa na kazi iliyotangulia. Kisha kukawa na wakati wa kuondoa mkono.

Kabla sijaenda kwenye fasihi niongeze neno moja tu: makini. Leo tunalitumia kwa maana ya uangalifu, akili iliyokusanyika juu ya jambo moja. "Kuwa makini darasani." Kwa Waswahili wa zamani mtu makini alikuwa pia mtu mtulivu, mwenye staha, asiyeyumbishwa. Katika neno hili utulivu na umakinifu vinakaa nyumba moja. Mwanafunzi wangu alidhani anatafuta vitu viwili, moyo kutulia na akili kukaa mahali pamoja. Kiswahili kinamwambia anatafuta kimoja.

Mtu anaweza kunishutumu kwamba ninasokota nahau nipate falsafa. Basi nimpeleke mahali ambapo vitenzi hivi viwili si nahau tu bali ni kanuni za kazi: ushairi. Kila mwanafunzi wa sekondari nchini amekaririshwa kwamba mshororo wa mwisho wa ubeti, ukirudiwarudiwa, ni kibwagizo, na usiporudiwa ni kiishio au kituo. Wamekariri, wakapata alama zao, wakasahau. Ni wachache wanaoambiwa kwamba kibwagizo kimetokana na bwaga na kituo kimetokana na tua. Waliotuachia istilahi hizi waliuona ubeti kama safari ya mtu aliyebeba kitu. Anakwenda mishororo mitatu na mzigo, na wa nne anaushusha.

Nenda ukasikilize shairi likighaniwa mahali penye watu, uone kibwagizo kinavyofanya kazi. Mghani hubeba mishororo ya kwanza peke yake. Akifika kwenye kibwagizo anakitupa, na ukumbi mzima unakidaka. Kwa muda ule shairi si lake. Wengine wataliimba kwa sauti nene, wengine watachelewa, mzee mmoja nyuma atakosea neno. Mghani anayejua kazi yake hatishiki. Anavuta pumzi, na ubeti unaofuata unatoka safi. Mghani mchanga hung'ang'ania kuimba kibwagizo kwa nguvu kuliko ukumbi, ati asipokonywe wimbo. Ukifika ubeti wa sita sauti imemkauka.

Mfano mkubwa zaidi nilionao ni Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, uliotungwa takriban miaka 200 iliyopita. William Hichens alihariri toleo lake lililochapishwa London mwaka wa 1939, na tangu hapo wahakiki wameuchambua kwa namna nyingi. Wengi huusoma kama maombolezo ya Pate iliyoporomoka, wengine kama mawaidha ya dini kuhusu upuuzi wa dunia. Yote ni kweli. Lakini nimeufundisha utenzi huu kwa miaka mingi, na ninaamini tumepuuza jambo lililo wazi: mshairi hamwambii msomaji chochote moja kwa moja. Anazungumza na moyo wake mwenyewe. Anauita, anauuliza maswali, anaukaripia, anaubembeleza, kama mtu anayezungumza na ndugu mkaidi.

Na anaubembeleza kwa picha za mkono na haja. Dunia, anasema kwa mifano yake, ni kama kisima kisicho na ukingo, penye ng'ombe mwenye kupiga pembe. Anayekaribia hujeruhiwa na maji asiyanywe. Ni kama mangati jangwani. Mwenye kiu huyaona ni maji akayakimbilia. Na picha ninayoipenda kuliko zote ni ile ya vumbi ndani ya mwale wa jua unaoingia nyumbani. Linang'aa, linaonekana kama kitu. Anyooshaye mkono kulishika, akifumbua kiganja haoni alichokishika.

Kila mtoto aliyewahi kulala nyumba yenye tundu kwenye paa ameujaribu mchezo huo, na jambo analogundua ndilo analogundua mtu mzima kwa gharama kubwa zaidi. Vumbi lile halikimbii kwa sababu mkono ni dhaifu. Linakimbizwa na upepo wa mkono wenyewe. Ukitaka kuliona vizuri, kaa kimya uliangalie. Mshairi wa Pate hakuhitaji neno udhibiti ili alieleze hili. Alihitaji mwale mmoja na kiganja.

Kisha huuchukua moyo wake akautembeza katika majumba ya Pate. Kulikuwa na safu za taa, sasa kiza. Vidaka vilivyopangwa sahani za thamani sasa vimelaliwa na makinda ya ndege. Hapo sioni kukata tamaa, kama wanavyodai wahakiki kadhaa. Mtu aliyekata tamaa haangalii kwa uangalifu kiasi hicho. Anayeweza kuyaona makinda ndani ya kidaka, akayataja yalipo na yalivyo, ni mtu ambaye ameacha kupigania sahani. Mradi anazililia sahani, makinda hayaoni.

Wala usidhani mshairi huyu alijiachilia. Kila mshororo wake una mizani kumi. Mishororo mitatu ya kila ubeti ina kina kimoja, na wa nne unarudi kwenye kina kile kile kinachofunga beti zote, toka mwanzo hadi mwisho. Ni fundi mkali kuliko sisi sote. Amebwaga moyo na manyanga yamo mkononi.

Hapa sharti niseme jambo ambalo ningependa kuliruka.

Mwanafunzi aliyenipigia simu hakuacha fasihi kwa hiari. Miaka mingi iliyopita alikuwa akiandika tasnifu ya uzamili chini yangu, kuhusu Kichomi, diwani ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka wa 1974 na kuwagawa wapenzi wa ushairi wa Kiswahili kambi mbili. Wanajadi walishika kanuni za vina na mizani, zile ambazo Kaluta Amri Abedi alikuwa amezieleza kitabuni mwaka wa 1954. Wanamabadiliko wakasema shairi laweza kusimama bila hizo. Mimi nilikuwa mwanajadi wa kutupwa. Nilikuwa nikisoma shairi huku vidole vinahesabu mizani chini ya meza.

Binti huyu aliandika kwamba Kezilahabi hakutupa ufundi, alihamisha tu mahali pa kutua: badala ya kina, kituo chake ni pumzi na picha. Leo nikiisoma hoja hiyo naiona ni nzuri, tena nimekuwa nikiitumia katika makala haya bila kumtaja aliyenipa. Wakati ule niliijaza wino mwekundu. Nilimrudishia sura ya tatu mara sita. Kila mara nilibadilisha sentensi zake zikawa zangu, kisha nikamlaumu kwamba hana sauti yake. Niliita hiyo kulinda viwango. Mwaka wa tatu aliacha kuja. Sikumtafuta. Nilijiambia kwamba amebwaga manyanga.

Sasa naona nani alikuwa ameshindwa. Kezilahabi alibwaga vina, hakubwaga manyanga, sawa na mshairi wa Pate aliyeshika vina na kubwaga moyo. Kuwapo au kutokuwapo kwa vina hakukuwa kiini cha ugomvi. Kiini kilikuwa mkono unaokaza. Ukikaza mkono juu ya shairi la kimapokeo utapata mizani kamili na shairi mfu. Ukiukaza juu ya shairi huru utapata fujo zenye kiburi. Na ukiukaza juu ya mwanafunzi utabaki na kalamu nyekundu na kiti kitupu.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini kicheko changu cha jioni ile kilinisumbua usiku. Miaka yote hiyo imepita, amenipigia kuniuliza neno, na jambo la kwanza nililofanya ni kuicheka sentensi yake.

Nilimwandikia jibu refu, karibu yote uliyosoma hapo juu kuhusu bwaga na tua. Nilimshauri kijitabu akiite "Bwaga Moyo". Baada ya siku mbili akanijibu kwa adabu, lakini bila kuyumba. "Mwalimu, asante sana, nimejifunza. Lakini vijana wangu wakisikia bwaga wanafikiria kura na kandanda. Watadhani nawaambia wamekwisha shindwa. Nitatumia tua. Kijitabu kitaitwa Tua Kwanza."

Mara moja nilikuwa na hoja tatu. Kwamba lugha haifundishwi kwa kuikimbia. Kwamba nahau ikiachwa hufa. Kwamba tua peke yake, bila kitu kinachotuliwa, inaweza kumchanganya msomaji. Hoja zote tatu nadhani ni sahihi hata sasa. Pia nilijua kwamba yeye ndiye anayekaa na vijana hao, si mimi. Anajua neno lipi linaingia masikioni mwao na lipi linagonga ukuta. Kamusi hainipi ujuzi huo. Nahau yangu niipendayo imeshachakazwa na vichwa vya habari, na hilo ni jambo la kweli hata kama linaniuma.

Nikamwandikia: "Jina zuri. Endelea, mwanangu."

Wiki iliyopita alinitumia rasimu nzima. Niliichapisha, kwa sababu siwezi kusoma kwenye simu, nikakaa nayo barazani na kalamu. Ukurasa wa kwanza mkono ulikwenda wenyewe. Nilikuwa nimepigia mstari maneno manne kabla sijamaliza aya ya pili. Nikaiweka kalamu chini ya kiti, mahali ambapo ningelazimika kuinama ili kuichukua, nikaanza upya. Safari hii nilisoma hadi mwisho. Ni kijitabu kizuri. Kuna ukurasa kuhusu mama mmoja muuza mboga anayepanga mafungu yake alfajiri, kisha anakaa, kwa sababu wateja hawaji kwa kuitwa kwa hasira. Sijui kama ningeliona hilo ningekuwa nahesabu makosa.

Nilimrudishia marekebisho mawili tu, yote ya tahajia. Katika ukurasa wa 11 ipo sentensi moja kuhusu kupumua ambayo mimi ningeiandika vingine kabisa. Nimeiacha jinsi ilivyo.